Rovu Moja, Maradhi Mengi: Vidadisi vya Mng'ao na Utajaji wa Maradhi ya Tezi Dundumio kwa Kiswahili

Ikisiri

Maradhi kadhaa ya tezi dundumio, yaani tezi ya thairoidi, hufanana kwa sura na kwa dalili ilhali yanatofautiana kwa chanzo na kwa matibabu. Makala haya yanaeleza namna sayansi ya vidadisi vya mng'ao inavyojaribu kuyatenganisha maradhi hayo kwa kufichua molekuli zinazofanya kazi ndani ya seli, na yanaonyesha mipaka ya sayansi hiyo kwa sasa. Sambamba na hilo, yanachunguza namna Kiswahili kinavyoyataja maradhi hayo katika nchi za Maziwa Makuu, ambako istilahi za tiba zimekopwa kutoka Kiingereza kwa upande mmoja na kutoka Kifaransa kwa upande mwingine. Hoja kuu ni kwamba jina linalotaja umbo la ugonjwa pekee huyaunganisha maradhi ambayo tiba inayatenganisha, na kwamba mgonjwa ndiye anayelipa gharama ya mchanganyiko huo. Makala yanapendekeza utaratibu wa kutaja ugonjwa kwa ngazi tatu: umbo, kazi na chanzo.

Istilahi muhimu: tezi dundumio, rovu, mchochota, kinundu, kidadisi cha mng'ao, uundaji wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyevimba mbele ya shingo husemwa kuwa ana rovu. Wengine husema ana goita, na wengine husema tu kwamba ana tezi. Usemi huu wa mwisho umezoeleka kiasi kwamba hatuoni ajabu yake. Kila binadamu ana tezi shingoni, kama vile kila mwanamume ana tezi dume. Lakini tukisema kwamba mzee fulani ana tezi dume, tunamaanisha kwamba anaumwa. Jina la kiungo limegeuka kuwa jina la ugonjwa. Katika mazungumzo ya nyumbani jambo hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa wasikilizaji huelewana. Katika chumba cha daktari hali ni tofauti, kwa sababu maradhi yanayoipata tezi hii ni mengi, na dawa inayomfaa mgonjwa mmoja huenda isimfae kabisa mwenzake mwenye shingo na dalili zilezile.

Katika ukanda wetu kuna ugumu wa pili. Mgonjwa aliyetibiwa Bukavu au Bujumbura anaweza kufika Kampala akiwa na karatasi inayosema kwamba ana ugonjwa wa Basedow. Daktari aliyesomea taaluma yake kwa Kiingereza anaujua ugonjwa huo kwa jina la Graves. Ni ugonjwa mmoja. Robert Graves aliueleza Dublin mwaka 1835, na Carl von Basedow akaueleza Ujerumani mwaka 1840. Wanaotumia Kiingereza wakashika jina la kwanza, wanaotumia Kijerumani na Kifaransa wakashika la pili. Vivyo hivyo, tezi yenyewe huitwa thairoidi na aliyekopa kutoka Kiingereza, na tiroidi na aliyekopa kutoka Kifaransa. Kiswahili, ambacho mara nyingi ndicho daraja kati ya mgonjwa na mtaalamu, kimerithi majina ya pande zote mbili bila kuyapatanisha.

Makala haya yanalishughulikia suala hilo kupitia eneo moja la sayansi ya kisasa, yaani vidadisi vya mng'ao. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu kazi yake nzima ni kutofautisha vitu vinavyofanana kwa nje. Tukielewa namna wanasayansi wanavyouliza swali la tofauti, tutaona pia ni tofauti zipi ambazo lugha yetu haina budi kuzipa majina.

2.0 Tezi dundumio na maradhi yake yanayofanana

2.1 Kazi ya tezi

Tezi dundumio iko mbele ya shingo, chini ya zoloto. Ina pande mbili mfano wa mbawa za kipepeo, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Ndani yake mna vifuko vidogo sana ambavyo kuta zake ni seli na katikati yake mna ute mzito uliojaa protini iitwayo thairoglobulini. Seli hizo hufyonza iodini kutoka katika damu, kisha, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho peroksidesi ya dundumio na kwa kutumia peroksidi ya hidrojeni, huibandika iodini hiyo kwenye thairoglobulini. Matokeo yake ni homoni mbili: T4 yenye atomi nne za iodini, na T3 yenye atomi tatu. Homoni hizo huhifadhiwa katika ute kama nafaka ghalani, akiba ya wiki nyingi, na hutolewa kidogo kidogo kwa amri ya homoni nyingine, TSH, inayotoka katika tezi ya pituitari chini ya ubongo.

Mambo mawili katika maelezo haya yakumbukwe, kwani yatarudi mbele: kwamba tezi ina ghala, na kwamba peroksidi ya hidrojeni ni sehemu ya kazi yake ya kila siku.

Iodini ikipungua katika chakula, tezi hujitanua ili ifyonze kidogo kilichopo, na hapo ndipo rovu linalojulikana zaidi katika nyanda zetu za juu linapotokea. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu ni mfano maarufu katika taaluma hii. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti kutoka Ubelgiji, akiwamo François Delange, waligundua kwamba rovu lilikuwa limeenea sana kaskazini mwa kisiwa kuliko kusini-magharibi, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Sehemu ya maelezo ilipatikana katika muhogo: usipoandaliwa vizuri, mwili hutengeneza kutokana nao kemikali ya thaiosianeti inayoizuia tezi kufyonza iodini. Hata rovu la ukosefu wa iodini, basi, halikuwa na chanzo kimoja tu.

2.2 Homoni nyingi kwa njia tatu

Mgonjwa anakonda ilhali anakula vizuri. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi haupati, na joto la kawaida linamchosha. Damu yake ikipimwa, homoni za dundumio zimezidi na TSH imeshuka mno. Picha hii inaweza kuletwa na maradhi yasiyopungua matatu.

La kwanza ni ugonjwa wa Graves, au Basedow. Hapa mwili umetengeneza kingamwili zinazojishika mahali pa TSH na kuiamrisha tezi ifanye kazi bila kupumzika. Tezi inazalisha kupita kiasi, na dawa kama kabimazoli hufaa kwa sababu huzuia uzalishaji.

La pili ni mchochota wa dundumio. Tezi imeshambuliwa, kuta za vifuko zimeharibika, na homoni iliyokuwa ghalani inavuja kuingia katika damu. Aina yenye maumivu, iliyoelezwa na Fritz de Quervain mwaka 1904, mara nyingi huja baada ya maambukizi ya virusi. Nyingine haina maumivu, na huwapata hasa wanawake miezi michache baada ya kujifungua. Katika aina zote mbili tezi haizalishi kupita kiasi. Kinyume chake, uzalishaji umesimama. Kumpa mgonjwa huyu dawa ya kuzuia uzalishaji ni sawa na kufunga shamba wakati mahindi yanamwagika kutoka ghalani: hakumponyi, na kunamweka katika hatari ya madhara ya dawa bure. Mara nyingi akiba ikiisha, homoni hupungua kwa muda, kisha tezi hurejea katika hali yake.

La tatu ni kinundu kinachojitawala, yaani sehemu ya tezi iliyoacha kutii TSH na kujifanyia kazi peke yake. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoenea, ziliripotiwa kesi za aina hii huko Kivu na Zimbabwe miongoni mwa watu waliokuwa wameishi muda mrefu na upungufu. Vinundu vyao vilikuwa kimya kwa kukosa iodini. Vilipoipata, vikazalisha bila kipimo. Manufaa ya chumvi hiyo kwa jamii ni makubwa na hayabishaniwi, lakini kesi hizo zinaonyesha kwamba shingo mbili zinazofanana zinaweza kupokea chumvi ileile kwa namna tofauti.

Njia ya kawaida ya kutenganisha maradhi haya ni kupima kingamwili, na pale inapowezekana, kumpa mgonjwa kiasi kidogo cha iodini yenye mionzi na kuangalia kama tezi inaifyonza. Katika ugonjwa wa Graves hufyonzwa kwa wingi katika tezi nzima. Katika kinundu kinachojitawala hufyonzwa na kinundu hicho. Katika mchochota hufyonzwa kidogo sana. Kipimo hiki ni kizuri, lakini hakipewi mjamzito, na kinahitaji mitambo ambayo hospitali nyingi za ukanda wetu hazina.

2.3 Kinundu kisichobainika

Kufanana kwa aina ya pili ni kwa vinundu. Daktari huchoma sindano nyembamba, hufyonza seli kidogo, na mtaalamu huzitazama kwa hadubini. Mara nyingi jibu hupatikana. Lakini kuna vinundu vya seli za vifuko ambavyo seli zake hazitoi jibu, kwa kuwa kinachotofautisha kinundu salama na saratani katika kundi hili ni kama seli zimevamia ganda la kinundu au mishipa ya damu, na uvamizi hauonekani katika seli chache zilizotolewa mahali pake. Mfumo wa Bethesda, uliotokana na mkutano wa mwaka 2007 nchini Marekani, una makundi sita ya majibu, na katikati yake yamo makundi ya mashaka.

Kwa baadhi ya wagonjwa wa makundi hayo, njia ya kujua ni kukata nusu ya tezi na kuichunguza yote. Wengi huambiwa baada ya upasuaji kwamba hakukuwa na saratani, na baadhi yao hulazimika kumeza vidonge vya homoni maisha yao yote. Upasuaji ulikuwa kipimo.

3.0 Mng'ao wa kupokea

Haja ya kipimo kisichokata wala kutumia mionzi ndiyo iliyowavuta wanakemia kwenye mng'ao. Mng'ao unaozungumziwa hapa si kila kinachong'aa. Kimulimuli hutoa mwanga wake mwenyewe kutokana na kemia iliyomo tumboni mwake. Kioo huurudisha mwanga jinsi kilivyoupokea. Kitu chenye mng'ao wa kupokea hufanya jambo la tatu: hupokea mwanga wa rangi moja, hubaki nao kwa muda mfupi usiofika hata sehemu ya milioni ya sekunde katika rangi nyingi, kisha huutoa ukiwa na rangi nyingine yenye nishati ndogo zaidi. Ukizima mwanga wa kwanza, wa pili nao huzimika.

Mmoja wa mifano ya mwanzo kuchunguzwa kwa makini ni wa dawa inayofahamika vema katika nchi zetu, yaani kwinini. Mwaka 1845 John Herschel alieleza rangi ya buluu inayojitokeza juu ya mmumunyo wa kwinini unapopigwa na jua. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alionyesha kwamba kwinini ilikuwa ikipokea miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, na kuitoa kama buluu inayoonekana. Alilipa jambo hilo jina kutokana na madini ya floriti, ambayo hung'aa kwa namna hiyo.

Hatua iliyofungua mlango wa tiba ilikuja mwaka 1941, Albert Coons na wenzake walipoifunga rangi yenye mng'ao kwenye kingamwili. Kingamwili huchagua kitu kimoja tu cha kushikana nacho. Ikivishwa rangi, huonyesha kitu hicho kilipo. Mwaka 1956 Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao huko London waligundua kwamba wagonjwa wa Hashimoto, ugonjwa ulioelezwa na Hakaru Hashimoto mwaka 1912, wana kingamwili dhidi ya thairoglobulini yao wenyewe. Baadaye mbinu ya Coons ikawa mojawapo ya njia za kuzionyesha kingamwili za namna hiyo: damu ya mgonjwa humwagiwa juu ya kipande chembamba cha tezi, na kingamwili iliyovishwa rangi hufichua mahali ambapo za mgonjwa zimejishika.

Mfano mwingine ni wa yavuyavu aitwaye Aequorea victoria, ambaye protini yake ya kijani ilitengwa na Osamu Shimomura na kutangazwa mwaka 1962. Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008 kwa kazi inayoihusu. Mnyama huyu anatufaa katika mjadala wa istilahi kwa kuwa anazo aina zote mbili za mwanga: protini yake moja huzalisha mwanga wa buluu kama afanyavyo kimulimuli, na ya pili hupokea nishati hiyo na kuitoa ikiwa kijani. Lugha itakayoziita zote mbili mng'ao bila kuongeza neno itashindwa kumweleza yavuyavu mmoja.

4.0 Kidadisi kinauliza nini?

4.1 Namna ya kufanya kazi

Kidadisi cha mng'ao ni molekuli ndogo iliyotengenezwa ili ing'ae, au ibadili rangi yake, inapokutana na kitu maalumu. Njia tatu zinatosha kueleza wazo.

Njia ya kwanza ni ya kufuli. Rangi hufungiwa kipande kinachoizuia kung'aa, na kipande hicho huweza kukatwa na kimeng'enya fulani tu. Kimeng'enya DPP-IV, kwa mfano, kimechunguzwa kwa muda mrefu kama ishara ya saratani ya dundumio, kwa kuwa hupatikana kwa wingi katika aina ya papilari. Kidadisi kilichofungwa kwa asidi amino mbili ambazo kimeng'enya hiki huzikata kitabaki gizani penye seli zisizo nacho na kuwaka penye seli zilizo nacho.

Njia ya pili hutumia kufuli la boroni ambalo ufunguo wake ni peroksidi ya hidrojeni. Peroksidi ikiwapo, kufuli huvunjika na mng'ao hutokea.

Njia ya tatu hupima uzito wa majimaji ndani ya seli. Molekuli ina sehemu inayozunguka. Katika majimaji mepesi huzunguka na kumaliza nishati yake kwa kuzunguka. Katika mazito mzunguko hukwama na nishati hutoka kama mwanga. Mwiko huzunguka bila taabu katika uji na hukwama katika ugali, na kidadisi hiki hung'aa kadiri kinavyokwama.

4.2 Mipaka

Njia ya pili inaonyesha mtego ulio mkubwa zaidi katika eneo hili. Katika viungo vingi, peroksidi ya hidrojeni ikizidi huchukuliwa kuwa dalili ya matatizo. Tezi dundumio, kama tulivyoona, huitengeneza makusudi ili ipate homoni. Hivyo kidadisi cha peroksidi kikiwaka katika tezi, huenda kinaonyesha tezi inayofanya kazi yake, au inayoifanya kupita kiasi, au iliyovamiwa na seli za kinga, ambazo nazo hutengeneza peroksidi. Mwanga ni mmoja, maelezo ni matatu. Kidadisi hakijakosea: kiliulizwa kuhusu molekuli, kikajibu kuhusu molekuli. Kosa litakuwa la atakayelichukua jibu hilo kuwa jina la ugonjwa.

Kwa sababu hiyo watafiti huelekea kuunganisha ishara mbili au zaidi: vidadisi vyenye rangi mbili ambavyo husomwa kwa uwiano, au kidadisi kimoja kinachojibu kuhusu kimeng'enya na uzito wa majimaji kwa pamoja. Ugonjwa hutambuliwa kwa mpangilio wa majibu.

Mpaka mwingine ni wa mwili wenyewe. Mwanga unaoonekana hunyweshwa na damu na kutawanywa na nyama. Ndiyo maana vidadisi vipya vingi hulenga miale iliyo jirani na infraredi, ambayo hupenya zaidi, japo kwa kina kidogo tu. Vidadisi vingi vya molekuli ndogo vinavyolenga tezi hii vingali katika hatua za seli za maabara, wanyama wa utafiti na vipande vya nyama vilivyokwisha kutolewa kwa upasuaji.

4.3 Kilichokwisha kuwafikia wagonjwa

Hata hivyo, mng'ao si ahadi tupu. Vipimo vya TSH kwa watoto wachanga katika nchi nyingi hutumia elementi ya yuropiamu. Mng'ao wake hudumu muda mrefu kuliko mng'ao wa takataka zilizomo katika sampuli. Mashine husubiri takataka zizimike, kisha husoma kilichobaki. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi hutosha kumgundua mtoto aliyezaliwa na upungufu wa homoni, na akipewa dawa mapema ubongo wake huokolewa.

Mfano wa pili unahusu tezi nne ndogo zilizo nyuma ya dundumio, kila moja ikikaribia punje ya mchele kwa ukubwa, ambazo hudhibiti kalisi katika damu. Daktari mpasuaji akiziondoa au kuziharibu bila kujua, mgonjwa hubaki na upungufu wa kalisi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani waliripoti kwamba tezi hizi hung'aa zenyewe, bila kutiwa rangi yoyote, zinapopigwa na miale iliyo jirani na infraredi, na hung'aa kuliko dundumio. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliruhusu vifaa viwili vya kuzitambua kwa njia hiyo. Swali hapa lilikuwa jepesi zaidi, la kutofautisha kiungo na kiungo. La ugonjwa na ugonjwa bado linatafutiwa jibu.

5.0 Utajaji kwa Kiswahili

5.1 Maneno yanayounganisha

Tukirudi kwenye lugha, tatizo letu halitokani na uchache wa maneno. Linatokana na maneno machache yanayobebeshwa mengi. Neno uvimbe ndilo mfano mkuu. Huitwa uvimbe pale kiungo kinapokua, pale kinaposhambuliwa na kuwaka moto, na pale seli zinapojikusanya na kufanya donge. Mgonjwa anayeambiwa "una uvimbe kwenye tezi" hajui kama ameambiwa kuhusu iodini, kuhusu kinga ya mwili wake, au kuhusu uwezekano wa saratani. Neno madini joto, linalotumika Tanzania kwa iodini ya chumvi, lina tatizo lake: limefanikiwa sana katika kampeni za afya, lakini halionyeshi kwamba jambo linalozungumziwa ni iodini ileile iliyomo katika homoni na katika kipimo cha mionzi.

Nguvu ya jina katika tiba si jambo la kubuni. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza kwamba aina moja ya kinundu cha dundumio, iliyofungwa katika ganda lake na isiyovamia, isiitwe tena saratani. Seli hazikubadilika, lilibadilika jina. Sababu waliyoitoa ni kwamba neno saratani lilikuwa likiwasababishia wagonjwa hofu na matibabu makali kuliko ugonjwa ulivyohitaji. Wanatiba waliona kwamba neno lina madhara, wakaliondoa. Wanaisimu hatuna sababu ya kuwa nyuma yao.

5.2 Ngazi tatu

Makala haya yanapendekeza kwamba jina kamili la ugonjwa wa tezi hii lijibu maswali matatu, kila moja kwa neno lake.

(a) Umbo: tezi inaonekanaje? Rovu libaki kuwa jina la tezi iliyotanuka, bila kujali sababu. Donge la mahali pamoja liitwe kinundu. Neno uvimbe libaki katika lugha ya kawaida na lisitumike peke yake katika karatasi ya hospitali.

(b) Kazi: tezi inafanya nini? Hapa itenganishwe damu na tezi. Ukithiri wa homoni uwe jina la hali ya damu. Ukithiri wa dundumio uwe jina la tezi inayozalisha kupita kiasi. Mwenye mchochota anaweza kuwa na ukithiri wa homoni bila kuwa na ukithiri wa dundumio, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama apewe kabimazoli au asipewe. Kinyume chake ni upungufu wa dundumio.

(c) Chanzo: kwa nini? Kwa kingamwili, kwa mchochota, kwa kinundu, au kwa ukosefu wa iodini.

Kwa utaratibu huu, ugonjwa wa Graves na wa Basedow hukutana katika jina moja: ukithiri wa dundumio wa kingamwili. Ugonjwa wa Hashimoto unapofikia hatua yake ya kawaida huwa upungufu wa dundumio wa kingamwili. Ndugu wa ule wa kwanza kwa chanzo, kinyume chake kwa kazi. Ule wa de Quervain huwa mchochota wa dundumio wenye maumivu. Majina ya waganguzi yaandikwe kwenye mabano katika karatasi za rufaa, na yaandikwe yote mawili pale yalipo mawili, ili karatasi ya Bukavu isomeke Kampala.

Neno mchochota, ambalo tayari linatumiwa na baadhi ya waandishi wa tiba, lina kasoro moja: linabeba hisia ya kuchoma, ilhali mchochota wa baada ya kujifungua hauumi. Kasoro hiyo inavumilika. Istilahi haihitaji kusema kila kitu. Inahitaji kutosema uongo kwa wingi wa wanaoisikia, na nyongeza ya "usio na maumivu" inalimaliza tatizo.

Kwa vinundu vya mashaka napendekeza kinundu kisichobainika. Maneno haya yanasema ukweli ambao mgonjwa anastahili kuusikia kabla ya kukubali kupasuliwa: kwamba daktari hasemi kuna saratani, wala hasemi haipo, na kwamba upasuaji unaopendekezwa ni wa kujua.

5.3 Jina la chombo

Kuhusu chombo chenyewe, maneno matatu yanashindana: kichunguzi, kitambuzi na kidadisi. Kichunguzi ni pana mno, kwa kuwa hata hadubini inachunguza. Kitambuzi kinavutia, lakini kinaahidi kupita uwezo: humfanya msikilizaji aamini kwamba mwanga ukiwaka ugonjwa umekwisha kutambuliwa. Kidadisi huuliza na kungoja kujibiwa, na ndivyo molekuli hizi zifanyavyo. Kwa hali ya kung'aa, neno mng'ao linatosha likifuatana na kidadisi. Panapohitajika kutofautisha na mwanga wa kimulimuli, mng'ao wa kupokea utofautishwe na mng'ao wa kujizalishia.

5.4 Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba majina haya ni marefu, na kwamba sayansi ikibadilika majina yenye chanzo yatapitwa na wakati. Pingamizi la kwanza ni la kweli, na jibu lake ni matumizi: katika mazungumzo mtu atasema "dundumio ya kingamwili" na kueleweka, ilimradi jina kamili liwemo katika karatasi. La pili ni la kweli pia, lakini tukio la mwaka 2016 linaonyesha kwamba jina linaloeleza hurekebishwa kwa uwazi, na marekebisho yake humfundisha anayeyasikia. Jina la mganguzi halirekebishwi kwa sababu halikuwa limeeleza lolote.

6.0 Hitimisho

Vidadisi vya mng'ao bado havijampa daktari wa kawaida njia ya kutenganisha maradhi yote ya dundumio yanayofanana, na huenda vitachukua muda kabla ya kufika katika hospitali zetu. Wazo lake, hata hivyo, linaweza kutumika leo bila mtambo wowote: vitu vinavyofanana kwa umbo viulizwe kuhusu kazi na chanzo, na jibu la swali moja lisichukuliwe kuwa jibu la yote. Kamusi za tiba, fomu za ridhaa ya upasuaji na karatasi za rufaa ndizo mahali pa kuanzia, na kazi hiyo inahitaji wanaisimu na matabibu wa pande zote mbili, ya Kiingereza na ya Kifaransa, wakae meza moja. Makala haya yanapendekeza kwamba orodha ya kwanza ya pamoja iwe fupi: rovu, kinundu, mchochota, ukithiri wa homoni, ukithiri wa dundumio, upungufu wa dundumio, na kinundu kisichobainika. Mgonjwa anayeyajua maneno hayo saba anaweza kumuuliza daktari wake ni lipi kati yake linalomhusu, na kwa nini.